Komeo na Karani wa Masijala

Kazi yangu ofisini ni kufungia watu mitandao ya kijamii, kwa hiyo hakuna anayenipenda. Nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Wananiita Komeo. Mwanzoni nilicheka, siku hizi naitika tu.

Ruhusa ni nusu saa, mchana. Kila mwisho wa mwezi nampelekea mkurugenzi majina matatu ya waliozidisha. Barua ya kwanza ni onyo, ya pili ni kufukuzwa. Sina raha na kazi hiyo, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama hadi kiuno kinauma.

Mwezi huu jina la kwanza lilikuwa la karani wa masijala, mke wangu. Onyo alishalipata mwezi uliopita, na nyumbani hatukulizungumza.

Saa mbili nzima kila siku, ukurasa uleule. Nikajua ni mwanamume. Nikaufungua. Kweli alikuwa mwanamume: mimi, miaka tisa iliyopita, nywele tele, nikimwandikia binti mmoja, ambaye sasa ni karani wa masijala, kwamba mwendo wake umenipotezea njia ya kwetu mara mbili. Nilishasahau kama niliwahi kuandika upuuzi ule.

Nikashuka masijala. Alikuwa anapanga mafaili, hakugeuka.

"Unasoma nini kule, mke wangu?"

"Namsoma mtu aliyekuwa na maneno."

"Si mimi huyo? Na nipo."

"Upo. Unakula, unalala, unaamka. Juzi nimekuuliza umeshindaje, ukanijibu 'salama' kama unapita getini."

Iliniuma, kwa sababu hakukosea. Mchana kutwa nachungulia maneno ya watu. Nikifika nyumbani sitaki kusikia hata langu.

"Nilifute jina lako?"

"Ukilifuta, anaingia nani?"

"Mzee wa stoo. Na yeye ana onyo."

"Basi niache mimi. Mzee wa watu bado anasomesha."

Nilimwombea kwa mkurugenzi, hakusikia. Akasema kompyuta ni za kazi, akatia sahihi barua ya pili.

Jioni tulitoka pamoja, vitu vyake nimevibeba kwenye boksi. Tulitembea mtaa mzima. Kisha nikamwambia kwamba nilipouona ule ukurasa nilimwonea wivu yule kijana, na kwamba naogopa sijui tena kuongea na mke wangu.

Akasimama, akanishika mkono.

"Sema tena," akasema. "Polepole."