Homa ya Kiti cha Torleif

Asubuhi moja, mvua ikinyesha mjini Bergen kama ilivyo ada yake, kiti cha Torleif kilianza kutoka jasho. Wenzake ofisini walidhani dari inavuja. Ragnhild, daktari aliyeajiriwa na kampuni yao ya pampu kupima hatari ya maradhi kwa wafanyakazi wanaotumwa ng'ambo, alikipapasa kwa kiganja, kisha akakiwekea kipimajoto. Homa ilikuwa kali.

Torleif mwenyewe alikuwa ugenini, akifunga pampu katika mji uliokumbwa na mlipuko wa homa. Ragnhild alikuwa amemkataza asiende. Mkurugenzi, Steinar, akaamua kwamba hatari ni ndogo.

"Mrudishe leo," Ragnhild alimwambia. "Kiti kinaungua."

"Waite mafundi wa viti, basi. Jana nimeongea naye, anacheka tu."

"Hiyo jana, Steinar. Leo hapokei simu."

"Mtandao wa huko si unaujua?"

Ragnhild akapiga simu ubalozini, hospitalini, kwenye mashirika ya ndege, mpaka sauti ikamkauka. Ndege bado zilikuwa zikitua kule, ila hazikumpakia yeyote mwenye homa.

Mchana akamwita Oddny, mke wa Torleif. Alikuja na beseni na kitambaa, akapiga magoti, akawa anakifuta kiti mgongo taratibu.

"Pole, mume wangu. Jikaze. Jikaze kidogo tu."

Wahasibu walimpita na vikombe vyao vya kahawa, wakishusha sauti.

"Samahani, shemeji," mmoja alisema, akiruka beseni.

Jioni kiti kilitetemeka hadi magurudumu yakagongagonga sakafu. Kisha kikatulia. Oddny aliendelea kufuta, mpaka Ragnhild alipomshika mkono.

"Kimepoa, dada."

"Si ndiyo vizuri?" Oddny alimtazama usoni. "Homa ikishuka si ndiyo nafuu?"

Ragnhild akakichukua kile kitambaa, akakikamua ndani ya beseni.

Kesho yake Steinar aliwakusanya wafanyakazi, wakasimama kimya kumkumbuka Torleif. Kisha akasema pampu za watu haziwezi kuachwa nusu. Fundi mwingine, Eivind, ataondoka Alhamisi, na hatari ni ndogo.

"Ni ile ile iliyomuua mwenzake!" Ragnhild alisema.

Eivind alikunja koti lake, akamsogelea.

"Daktari, kiti changu naomba ukiweke karibu na dirisha. Mimi joto silivumilii kabisa."

Ragnhild akashika upande mmoja, Eivind akashika wa pili, wakakisukuma hadi dirishani.