Wayua Dhidi ya Njau

Saa moja asubuhi siku ya Jumanne, nyumbani kwake Kamenu, mjini Thika, Muriithi aliegemeza simu kwenye chupa ya chai akasoma habari za kiwiko cha mtu asiyemjua. Mtu huyo aliitwa Delvin Ocasio, mpigaji wa besiboli kule Marekani, na usiku ule angekabiliana na mrushaji aitwaye Kowalik. Muriithi alikuwa fundi wa friji. Hakuwahi kuona uwanja wa besiboli wala kushika rungu lake, lakini alijua kwamba Ocasio alikuwa amekutana na Kowalik mara tisa na kumpiga vizuri mara tano. Kwa sababu hiyo alikuwa amemweka kwenye timu yake ya kubuni ya kwenye simu, akamwekea dau, kisha akamwombea, kiwiko kikiwemo.

"Si hii ni raunda tu?" aliuliza mkewe, Mutheu, akipaka mkate siagi. "Sisi tulicheza darasa la sita, na mpira wa soksi."

"Raunda haina takwimu, Mama Wamboi."

"Aliyekwambia ni nani? Mimi nilikuwa nawapiga wote isipokuwa Dianah. Akirusha Dianah, nakosa."

"Sasa hapo!" Muriithi alipiga meza. "Hoja si kujua kupiga. Ni kujua kumpiga *nani*. Wewe dhidi ya Dianah. Pesa iko hapo."

"Pesa iko hapo na sisi tuko hapa," alisema Mutheu, na akamwambia ni zamu yake kumpeleka Wamboi shule. Muriithi alisema si yake. Waliposimama kubishana uso kwa uso, namba zilitokea kwenye paji la uso la Muriithi, nyeupe kama chaki: mbili kati ya arobaini. Mutheu alizisoma, akamkabidhi begi la mtoto. Muriithi akaenda.

Kufikia mchana Kamenu nzima ilikuwa na namba. Zilitokea mtu alipokabiliana na mpinzani wake, zikaonyesha amemshinda mara ngapi katika mara walizokutana, na zikafutika walipoachana. Wapangaji waliona zao mbele ya wenye nyumba. Ndung'u, kinyozi wa duka la karibu na la Muriithi, alilalamika kwamba wateja wameanza kutaka nywele za kufunika uso, kazi ambayo hakusomea. Wengine walivaa kofia, namba zikatokea juu ya kofia. Mchungaji alifunga na kuomba ili afunuliwe maana yake, kisha akatangaza kwamba maana yake ni watu wafike ibadani mapema. Watu walipopiga magoti na kuomba kwa kweli, mapaji yao yalikuwa matupu, lakini jambo hilo halikuzungumzwa sana kwa sababu halikuwa na faida.

Ocasio, usiku ule, alikosa mipira yote ya Kowalik.

"Nilikwambia," Ndung'u alisema akisugua wembe. "Mara tisa ni nini? Mimi nikirusha shilingi mara tisa, inaweza kuangukia kichwa mara saba. Utasema shilingi inajua kazi?"

"Sampuli itakua," Muriithi alijibu.

"Itakua ikukute ukiuza friji za wateja."

Kabla wiki haijaisha, kampuni moja ya kamari ilifungua soko jipya kwenye simu. Mtu angeweza kumwekea dau mpangaji dhidi ya mwenye nyumba, au dereva dhidi ya askari wa barabarani. Muriithi aliona kwamba maisha yake yote yalikuwa matayarisho ya jambo hili.

Na hapo ndipo kesi ya mama mkwe wake ilipoitwa.

Wayua, mamake Mutheu, alikuwa na shamba mashariki ya Thika, mahindi na mbaazi, na kaburi la mumewe pembeni. Njau, muuzaji wa viwanja, alikuwa na hati inayosema kwamba shamba hilo ni lake. Baraza la kusuluhisha migogoro ya mashamba lilikutana Ruiru, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wayua alikuwa ameitwa huko mara kumi na tatu. Mara faili haikuonekana, mara mwenyekiti alikuwa mazishini, mara wakili wa Njau alikuwa na mafua, na kila mara Njau aliongezewa muda wa kuzungusha nguzo zake. Alhamisi ungetolewa uamuzi. Wayua akishindwa, angehama na kuhamisha kaburi.

"Umsindikize mama," Mutheu alimwambia mumewe. "Mimi bosi amekataa kunipa ruhusa. Na usimwache peke yake na wale watu."

Muriithi alimsindikiza vizuri. Heshima ya mkwe kwa Wakikuyu huitwa thoni na kwa Wakamba nthoni, na pande zote mbili ni kitu kimoja: mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Tangu amuoe Mutheu, Muriithi alikuwa hajawahi kuvunja heshima hiyo. Alimbebea Wayua mkoba akitazama viatu vyake, akampangusia kiti akitazama kiti, akaketi nyuma yake kidogo. Ndung'u naye alikuwa amefunga duka lake la kinyozi akaja, kuwapa moyo, alisema.

Wayua aliposimama kumkabili Njau, watu wote waliinua macho isipokuwa mkwe wake. Yeye alifungua kamera ya simu, akaigeuza, akainyoosha mbele ya bega la Wayua, na kusoma uso wa mama mkwe kwenye kioo cha simu bila kumkosea adabu. Sufuri kati ya kumi na tatu.

Kisha Njau akamgeukia mwenyekiti amsalimu. Kwa kuwa mwenyekiti wa baraza anatakiwa kumkabili kila mtu sawasawa, paji la Njau nalo likaandikwa, dhidi ya mwenyekiti mwenyewe: kumi na tatu kati ya kumi na tatu.

Chumba kizima kilisoma. Karani alipangusa miwani akasoma tena.

"Umeona?" Ndung'u alinong'ona.

"Nimeona."

"Hiyo sasa si sampuli ndogo, mzee. Mama hachezi na Njau. Anacheza na refa."

"Mheshimiwa," Wayua alisema, sauti yake ikiwa tulivu, "naomba yale yaliyo kwa uso wa huyu kijana yaandikwe. Kila mtu hapa ameyasoma."

"Mama, paji la uso halijaapishwa," mwenyekiti alijibu kwa upole. "Tuendelee."

Chumba kikanyamaza, na ukimya huo ungeweza kudhaniwa kuwa ni aibu. Watu walikuwa kwenye simu zao. Hakuna aliyefikiria kumripoti mwenyekiti, kwa maana kumripoti kungeharibu ubashiri. Malipo ya kumbashiria Njau yalikuwa yakishuka kila mara mtu alipobonyeza, na karani, ambaye alipaswa kuandika, alikuwa akibonyeza pia.

Muriithi aliinamisha kichwa akaomba. "Mungu, mtendee mama haki," alisema, na aliomba kutoka moyoni. Kisha akahesabu. Mama akishinda, familia ina shamba. Mama akishindwa, familia ina angalau ushindi wa dau. Watu wenye busara hujikinga pande zote. Imani ilikuwa imeshughulikia upande mmoja, akaachia takwimu upande wa pili. Aliweka dau kwa Njau, chini ya meza, macho yakiwa yameinama kwa heshima.

Mwenyekiti alisoma uamuzi haraka kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa kimefika. Shamba lilikuwa la Njau. Namba ya Wayua ikawa sufuri kati ya kumi na nne. Watu wakashuka ngazi wakizungumzia mvua.

Jumamosi, Muriithi na Mutheu walikwenda shambani. Nguzo za Njau zilikuwa zimepita katikati ya mahindi, moja ikiwa imesimama karibu na kichwa cha kaburi. Muriithi aliketi kwa ubavu, kama ilivyo desturi, akaweka blanketi jipya kwenye kiti cha Wayua bila kumtazama. Lilikuwa zito, la rangi ya maroni, na bei yake haikuwa imebanduliwa.

"Ai, Baba Wamboi! Hii ni ya pesa nyingi," Wayua alisema. "Mungu akuongeze. Umepata kazi kubwa?"

"Friji za hoteli, Mama."

"Hoteli gani?"

"Iko... upande wa Ruiru."

Mutheu, aliyekuwa akimimina chai, alisita. Alimwita mumewe apokee kikombe. Muriithi, akiwa na haraka ya kuacha mazungumzo ya hoteli, aligeuka mzima mzima akajikuta uso kwa uso na mama mkwe wake. Ngozi ya paji lake ilimwasha kidogo.

"Kuna kitu kwa uso wake," Wayua alisema. "Sina miwani. Mutheu, nisomee."

Mutheu aliweka birika chini akasoma.

"Moja kati ya moja, Mama."

"Dhidi ya nani?"

"Hapa kuna nani mwingine?"

Hakuna aliyeshangaa. Chai ilinywewa. Wayua alilitandaza blanketi magotini, kwa maana upepo ulikuwa umeanza kuvuka kiwanja cha Njau, akapapasa upindo wake.

"Tumekata rufaa," alisema baadaye. "Itasikizwa na baraza lile lile. Mwenyekiti ni yule yule. Utanisindikiza?"

Muriithi alisema atamsindikiza, na alikuwa anasema kweli.