Tangi Juu ya Ndiva

Koleta alichovya mkono ndani ya ndiva, akautoa ukinuka dizeli. Maji yalikuwa tele, lakini juu yake palitanda utando wa rangirangi, na mahindi ya shamba la kwanza, ambalo ndilo lake, yalikuwa yamekauka yakiwa yamesimama kwenye maji. Tangu mwezi uliopita wanawe walikuwa wakila mara moja kwa siku.

Ndiva hiyo, bwawa la kumwagilia mashamba, ilichimbwa na mababu kwenye mteremko juu ya Same, na sheria yake kila mtu aliijua. Aliyeichafua huikausha, huisugua kwa mikono yake mwenyewe, kisha huwalisha waliopoteza mazao hadi mavuno mengine. Sheria haikuwahi kuuliza mtu ana cheo gani. Mwaka juzi kampuni ya mafuta ilizika tangi lake hatua mia mbili juu ya ndiva, na tangi likavuja.

Asubuhi hiyo meneja wa kampuni alifika na karatasi. Aliitwa Lugano, kijana wa Mbeya, suruali yake imenyooshwa kwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jembe liko pale."

Eliufoo, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, alimgeukia Koleta, akacheka kwa aibu. "Mama Method, ndugu meneja hakuja kulima. Kampuni imetuletea mablanketi. Wajumbe wote wa kamati ya ndiva wameshatia dole gumba. Umebaki wewe."

"Karatasi inasemaje?"

Eliufoo aliisoma mbiombio: kijiji kimepokea zawadi, na hakitadai chochote kwa ajili ya tangi lile, sasa wala baadaye.

"Nani kaomba zawadi? Mimi nataka chakula mpaka mavuno, na huyu bwana aingie matopeni."

"Mama," Lugano akasema taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa, "nusu ya kampuni ni ya serikali. Ni mali yenu wananchi. Ukiishitaki, unajishitaki mwenyewe."

"Kama ni yangu, nipe ufunguo nikalifunge tangi langu."

Wajumbe waliokaa ukingoni waliangua kicheko. Eliufoo alikunja uso, akamsogelea.

"Jumamosi ilikuwa siku ya kazi ya ndiva. Hukuonekana."

"Nilikuwa wilayani, kuwashitaki hawa. Wewe ndiye uliyeniandikia barua!"

"Kanuni haiulizi ulikuwa wapi. Asiyefika faini yake ni mbuzi. Tia dole, tusahau."

Koleta alikuwa na mbuzi mmoja tu, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia mtoto wake wa mwisho. Wote pale walilijua hilo. Koleta alipanda hadi nyumbani, akamfungua mbuzi, akarudi naye mbele ya watu wote na kumkabidhi Eliufoo kamba.

"Nimekosa siku moja, nimelipa. Sasa mwambieni na yule alipe."

Lugano alitazama saa.

Mbuzi alichinjwa palepale, maana mgeni alikuwa na njaa. Koleta aliletewa kipande juu ya jani la mgomba, akakirudisha. Alikaa ukingoni mwa ndiva, amejifunga kanga kiunoni, akiwaangalia mmoja mmoja wakila. Karatasi ilikuwa bado juu ya meza aliyowekewa mgeni, na nafasi ya dole lake haina alama.

Walipomaliza, mjumbe mmoja aliteka maji ya ndiva kwa kata ili mgeni anawe. Lugano alirudisha mikono yake nyuma haraka. Dereva akakimbilia gari, akaleta galoni la maji ya bomba la mjini, akammiminia polepole hadi mafuta ya nyama yakatoka vidoleni.

"Maji yamebaki kidogo," Lugano akasema.

Eliufoo alimtupia Koleta jicho, kisha akakinga mikono yake.