Hekta Sita za Namalwa

Namalwa alishika ncha ya kamba kama mtu aliyeshikishwa mkia wa ng'ombe asiyemjua. Bintiye Jescah, aliyekuwa akisomea ualimu mjini Kakamega, alishika ncha ya pili, akaenda kinyumenyume katikati ya mabua makavu ya mahindi hadi kamba ikakaza.

"Hapo ni mita mia, mama. Usiachilie."

"Sijaachilia. Wewe pima tu, tuone hizo tisa zilienda wapi."

Ekari tisa ndizo zilizomnyima usingizi. Marehemu mumewe, Sifuna, alimwachia ekari kumi na tano huku Likuyani, katika shamba lililokuwa la Mzungu, na majirani wote walilijua hilo. Kisha malaria ikamlaza Namalwa, ikabidi shemeji yake Wanyonyi amwendee ofisi ya ardhi kuulizia hati ya shamba. Wanyonyi alirudi na jibu fupi: shamba ni sita. Sita za nini, hakuuliza. Wakubwa wakishasema, yeye huvaa kofia yake akaenda zake.

Namalwa hakungoja hata apone vizuri. Jumapili ile alisimama kanisani wakati wa maombi, akamsihi Mungu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, amrudishie mjane kile alichoibiwa na ndugu wa marehemu. Waumini waliitikia amina kabla ya kuelewa walichokiitikia. Wanyonyi aliinuka, akatoka polepole. Tangu siku hiyo maksai wake hawakukanyaga tena kwa Namalwa, na msimu wa kulima ulikuwa umebisha hodi.

Mama na binti walipima hadi jua likawa la utosi. Jescah alichomeka kijiti cha mwisho, akaketi chini.

"Mama, mita haitoki kwa kitu kingine. Hiyo ndiyo msingi. Ukichukua mita mia huku, na mita mia huku, ndani yake inazaliwa hekta. Na hekta moja inamezanga ekari mbili na nusu. Shamba lako ni hekta sita na kidogo juu. Ni zile zile kumi na tano."

"Kwa hivyo hakuniibia."

"Hakuna mtu amekula hata shubiri."

Namalwa alipaswa kufurahi. Badala yake, kwa aibu, alitamani ekari tisa ziwe zimepotea kweli. Alifikiria maneno ya bintiye. Mita inaweza kukaa peke yake, hekta haiwezi. Wanyonyi naye hakuwa wake kwa damu. Alimpata kupitia Sifuna, na Sifuna alipozikwa, Namalwa alichukulia kwamba undugu uliotokana naye umezikwa pia. Hakuwahi kukiri hivyo hata moyoni, lakini kanisani alikuwa ameyasema yote.

Jumamosi alichinja jogoo, akamwita Wanyonyi. Alikuja. Aliketi, akanawa.

"Kesho nitasimama kanisani, mulamwa," Namalwa alimwambia shemeji yake. "Pale pale niliposimama. Nitasema nilikukosea."

"Utasimama," Wanyonyi alijibu. "Lakini niambie kwanza. Shamba mmepima na kamba. Mimi ulinipima na nini?"

Namalwa alivuta chungu cha kuku karibu naye.

"Sikukupima," alisema.

Kwenye bakuli la Wanyonyi, juu ya nyama zote, aliiweka firigisi, ambayo ni ya mwenye mji na haikuwa imepata mlaji katika nyumba ile tangu Sifuna alipofariki. Wanyonyi aliitazama. Akachukua kisu, akaipasua katikati, na nusu moja akaiweka juu ya obusuma, ule ugali wa Namalwa.

"Wanawake hawakulangi hiyo," Namalwa alinong'ona. Kwa wanawake wa rika lake kuku alikuwa mwiko; maishani mwake hakuwahi kuonja hata bawa lake.

"Najua."

Jescah, aliyekuwa akila nao, aliacha kutafuna. Namalwa alikiinua kile kipande, akakitia mdomoni. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, na machozi yalimtoka akikitafuna. Wanyonyi hakuigusa nusu yake mpaka alipomwona amemeza.