Barua ya Saa Arobaini

Yanilda aliingia Jumatano mchana na masanduku mawili. Akamkumbatia Bibi Fema palepale kitandani, akambusu mashavu yote mawili, akapiga picha. Hakuomba baraka. Bibi alikuwa ameshainua vidole vya mkono wake mzima, anangoja kusikia "Baraka, Bibi," maana hapa kwetu Moca mjukuu havuki kizingiti bila kusema hivyo. Akangoja. Kisha mkono ukarudi juu ya shuka, nami nikaenda jikoni kutazama ndizi zangu.

Sikumkumbusha. Nilikuwa nimechoka, na tena nilikuwa namhitaji.

Yanilda ni binti wa mjomba Anselmo, anasoma chuo huko Boston. Alikuja kukaa nasi wiki mbili, halafu aende Guatemala na wanafunzi wenzake kujitolea katika nyumba ya wazee. Mimi huu ni mwaka wa tano namtunza Bibi, tangu alipopooza upande mmoja. Namgeuza, namwosha, namlisha kwa kijiko. Nilimaliza darasa la sita, nikakomea hapo. Mjini kuna shule ya watu wazima kila Jumamosi, ila kujiandikisha lazima uende mwenyewe. Miaka miwili mfululizo siku ya mwisho imenipita nikifua mashuka. Mwaka huu iliangukia Jumamosi ya wiki hiyo, na wanafunga saa sita mchana. Nilimwandikia Yanilda mapema anishikie Bibi siku hiyo. Akajibu "Bila shaka!" na picha za maua matatu.

Alhamisi alilala mpaka adhuhuri. Ijumaa akaenda mtoni na kina Dilcia, mabinti wa jirani. Jioni akaja jikoni na karatasi.

"Nereida, mpenzi, nifanyie kitu kidogo tu. Wale wa Guatemala wanataka barua, kwamba nimeshatunza mzee masaa arobaini."

"Umemtunza nani?"

"Si Bibi?"

Niliendelea kumenya mihogo. "Jana ulilala. Leo ulikuwa mtoni."

"Nilimchana nywele!"

"Ulimchana upande wa kamera."

Akacheka. "We mkali kama yeye. Weka saini tu, nani atakuja kuhesabu? Kesho naenda ufukweni na kina Dilcia, Jumatatu naituma."

"Kesho ni Jumamosi."

"Ndiyo, kwani nini?"

"Shule yangu."

Alikuwa amesahau kabisa, niliona usoni.

"Huwezi kwenda siku nyingine?"

"Siku nyingine ndiyo niliyoingoja miaka miwili," nikamwambia. "Kaa na Bibi kuanzia saa moja mpaka nirudi. Nikirudi, nitasaini."

Asubuhi nilimwonyesha: kumgeuza kila baada ya masaa mawili, mto katikati ya magoti, ndizi ziwe zimepondwa laini, kijiko kidogo, ngoja ameze. Nikapanda pikipiki ya jirani. Foleni ilizunguka jengo. Nilisinzia nimesimama, mwanamke wa nyuma yangu akawa ananisukuma kila watu wakisogea. Saa sita kasorobo karani aliandika jina langu, akanipa karatasi yenye mhuri. Nilitamani kufurahi, lakini miguu iliniuma.

Saa saba nilimkuta Yanilda sakafuni, sahani ya ndizi zilizokauka magotini, blauzi imejaa madoa.

"Hataki kula! Nimejaribu mara nne, anabana midomo. Nimemgeuza mpaka mgongo wangu umekufa. Nimemwimbia, Nereida! Ananiangalia tu."

"Bibi, mbona huli?"

Bibi alijibu polepole kwa upande mzima wa mdomo. "Nilishwe na mgeni?"

"Mgeni gani? Si Yanilda, wa Anselmo?"

"Wa Anselmo angeomba baraka."

Yanilda akaweka sahani chini, akasogea mpaka ubavuni mwa kitanda. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto.

"Baraka, Bibi."

Vidole vikainuka. "Mungu akubariki, mwanangu. Umechelewa siku tatu. Hizo ndizi zimekuwa mawe, kapike nyingine."

Alipika, Bibi akala zote. Nikachukua ile barua, nikaandika taratibu, herufi moja moja: masaa sita. Nikaweka saini.

Yanilda akaisoma. "Nereida! Wanataka arobaini."

"Hizo ndizo ulizofanya."

"Watanikataa."

"Zimebaki thelathini na nne. Na wiki ijayo somo la kwanza linaanza saa mbili asubuhi."

Aliitazama karatasi, akamtazama Bibi, kisha mikono yake mwenyewe. Nikadhani atalia au ataniita jina baya.

"Lile beseni la kumwoshea," akasema, "unaliweka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nikaketi pale mlangoni bila kuvua viatu, na kabla maji hayajapata moto usingizi ukanichukua.