Jicho la Shangazi Wanisa

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumjua shangazi yangu Wanisa. Kwetu mjini Setif, akija yeye, mwenyeji aliugua. Vuli ikishaingia na baridi kuanza kuuma, alipanda basi kutoka mji wa jirani wa Bugaa kuja kushinda nasi, na kabla ya alasiri nyumba nzima ilikuwa imeshika vichwa. Mama alitapika. Mimi nilijilaza nikiona dari linazunguka.

Mama yangu Mesauda hana dogo. Tangu zamani alitangaza kwamba wifi yake ana jicho baya, na majirani wakaitikia kwamba lisemwalo lipo. Basi nilipomzaa Siraji, nikarudi kwa mama kumaliza arubaini, amri ikatoka: Wanisa asimwone mtoto. Si kumshika tu, hata kumwona.

Nilichukia. Shangazi ndiye aliyenilea mwaka ule mama alipolazwa, na kumficha mtoto ingekuwa kumwambia usoni yale ambayo wengine humsema kisogoni. Lakini Siraji ni mwanangu wa kwanza, na maumivu yale ya kichwa nilikuwa nimeyaonja mwenyewe, sikuhadithiwa. Nilitaka kujua, nijue kwa hakika, kabla sijamvunja moyo mtu.

Nikamwuliza mama mbona kiangazi shangazi hushinda kwetu na hakuna anayeugua.

"Kiangazi jicho lake hulala," akanijibu bila kupepesa.

Jicho gani hilo linalofuata majira? Tena nilikumbuka kwamba shangazi mwenyewe alikuwa akiondoka kwetu amejifunga kitambaa kichwani, na mara moja alitapika kituoni akisubiri basi. Mchawi gani anajiroga? Nilipomwuliza mama, akasema huo ubaya wake ndio unaomrudia. Ukibishana na mama yangu utazeeka.

Nikaacha kuuliza, nikaanza kutazama. Siku za kawaida sisi tunaishi jikoni, kwenye dirisha lisilofunga vizuri. Jirani akija hukaribishwa sebuleni, anakunywa kahawa yake, anaondoka, na mlango haujawahi kufungwa. Lakini wifi! Mama hataki isemwe Bugaa kwamba dada wa mumewe aliachwa na baridi. Kwa ajili yake huwasha hita ya gesi tangu asubuhi, moto wote, hufukiza ubani, hufunga mlango, na lile tundu la ukutani linalopitisha upepo hulishindilia mto. Kisha tunajifungia humo sote, tukila keki za tende na kusengenya hadi jioni. Heshima haikupungua hata chembe.

Siku moja nikamwomba mama aiandae sebule vilevile, asibakishe kitu.

"Anakuja nani?"

"Mimi."

Alidhani uzazi umenipanda kichwani, lakini aliandaa. Siraji nikamwacha naye jikoni. Nikajikaribisha mwenyewe, nikajimiminia kahawa, nikakaa mahali pa shangazi. Moto wa hita ulikuwa wa njano, mrefu, unalambalamba. Moto wa jiko letu ni wa buluu. Ukuta juu ya hita ulikuwa na weusi ambao mama huupaka rangi kila mwaka akiulaani. Niliutazama muda mrefu kwa hamu ya kuuelewa, na nikiwa katika kuutazama, kichwa kikaja. Kilekile. Nikainuka nifungue mlango, magoti yakakataa, kikombe kikanitoka. Mama aliposikia kikivunjika akaja mbio, akanikokota mpaka uani.

Nilipopata pumzi nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Shangazi yuko Bugaa, mama," nikamwambia. "Sasa mimi nimerogwa na nani?"

Kila majira ya baridi redio hutangaza familia iliyolala na hita ikiwaka, ikavuta hewa yake ya sumu, isiamke, na sisi husema Mungu awarehemu, tukadhani mambo hayo ni ya nyumba za watu. Mama akarudi sebuleni amejiziba pua kwa mtandio, akazima hita, akafungua madirisha, akauchomoa ule mto kwa mikono yake. Fundi alipokuja kulisafisha bomba la moshi alikuta limezibwa na kiota cha ndege. Nilimfikiria Siraji, nikaenda kumpakata.

Tukampelekea shangazi salamu kwamba aje. Alikuja, akasimama kwenye mlango wa sebule macho chini. Ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote nimemwona akitazama sakafu, nami nikidhani ni haya. Nilipomsogezea mtoto, alirudi nyuma.

"Usinipe, mwanangu. Mimi najijua."

Nikamweleza yote: mto, hita, kiota. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza mara mbili kama ni kweli nilikuwa peke yangu mle ndani. Kisha akamgeukia mama.

"Wajukuu zangu wote wa Bugaa, Mesauda, sijampakata hata mmoja. Nilikuwa nikiwatazama wakishanipa mgongo. Sasa wameota ndevu. Utoto wao nani atanirudishia?"

Machozi yalimtoka mama, akayaacha yatiririke.

Shangazi akaketi. Nikamwekea Siraji mapajani, naye akamtazama, mwanzo kwa woga, kisha kwa uroho: paji la uso, nyusi, kidevu, akirudia tena kutoka juu. Siraji akakunja uso, akaangua kilio. Shangazi akashtuka mpaka midomo ikawa myeupe. Akamnyanyua haraka, akamnyooshea mama ampokee.

Mama akaficha mikono nyuma.

"Watoto hulia, wifi," akasema. "Mbembeleze."