Sentensi Tano za Wiki Ijayo

Mwalimu wa Kijerumani, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Derdidas kwa ajili ya *der, die, das* alizowakaririsha kila siku, aliwapa kidato cha pili kazi ya nyumbani: sentensi tano kuhusu wiki ijayo, kila moja iwe na *ich werde*, yaani "nita-". Wengi waliandika yale yale, nitalala, nitacheza mpira. Mmoja alisema Jumanne atakuwa rais.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, mwalimu akiwa peke yake katika chumba cha walimu, alifungua daftari, lililokusanywa Ijumaa, la binti mmoja mkimya ambaye asubuhi hiyo hakuonekana darasani. Nitapanda basi na mama. Nitaishi kwa mama mdogo. Ya tatu iliutaja mji wenyewe. Nitasoma shule nyingine. Nitalala bila woga. Na chini, kama nyongeza: Baba hatajua. Hakukuwa na kosa hata moja.

Kabla hajalifunga, aliingia baba wa binti huyo. Mwalimu alimfahamu. Muhula uliopita mtoto alikuja na mkono umefungwa bandeji, na baba akafika kueleza, bila kuulizwa, kwamba aliteleza bafuni.

Safari hii alisalimia kwa adabu zote. Alisema mke na mtoto hawakulala nyumbani, huenda mtoto ameacha neno shuleni. Kisha macho yake yakatua kwenye jalada la daftari.

"Hilo ni lake. Ameandika nini?"

"Mazoezi tu, baba. Mipango ya wiki."

"Mipango gani?"

Derdidas akabuni hapo hapo. "Atafua. Atamsaidia mama yake kupika. Atasoma kwa bidii."

Mwanaume akacheka kidogo, akatoa simu. Alisema humo kuna kitu kinachotafsiri lugha zote, unapiga picha tu, basi; angependa kujionea mwanawe alivyo hodari.

Walimu wengine walikuwa nje wakinywa chai. Derdidas alishtukia kalamu nyekundu iko mkononi.

"Ngoja nimsahihishie kwanza. Amekosea vibaya."

Akaanza kukata. Mji, mama mdogo, basi, shule, woga, baba, kila kitu isipokuwa *ich werde*. Alikwenda na kurudi juu ya kila neno mpaka karatasi ikachanika, huku akitaja kwa sauti makosa ambayo hayakuwepo.

Mwanaume akapiga picha, akasubiri. Simu ikamtolea "nita", tena "nita", hakuna zaidi.

"Kumbe hajui kitu."

"Hajui," mwalimu alisema. "Nimempa sifuri."

Mwanaume akarudisha simu mfukoni. "Nitarudi, mwalimu," akasema, akaufunga mlango taratibu.

Derdidas alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, akamweleza yote. Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka shule ya mbali ikiomba kumbukumbu za binti. Mkuu aliijibu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaifungia kabatini.

Yule baba hajarudi. Hata hivyo, Derdidas ameigeuza meza yake ielekee mlango, na viatu vizito vikisikika koridoni hunyamaza katikati ya sentensi, darasa zima likimtazama, mpaka vipite.